Mshono Husema Kweli: Habari za Koti la Ngozi la Marubani

Apitaye katika soko la Kadutu, hapa Bukavu, huona nguo za mitumba zikining'inia kwenye kamba, na kati yake makoti ya ngozi. Liko umbo moja la koti ambalo vijana wetu hulipenda kupita mengine: ni fupi, lina kola ya ngozi, mifuko miwili mbele, kamba za ngozi mabegani, na ukingo wa sufu iliyofumwa kiunoni na kwenye vifundo vya mikono. Umbo hilo halikubuniwa kwa ajili ya urembo. Ni vazi la vita, nalo lilikatwa kwa ajili ya marubani wa ndege zamani za baba na babu zetu.

Leo twataka kueleza koti hilo lilitoka wapi, lilishonwaje, na kwa nini huko Marekani, Uingereza na Japani wako watu wanaohesabu matundu ya sindano yake mmoja mmoja, wakibishana kama warithi wanaobishana juu ya wosia. Labda msomaji atasema, habari hii ni ndogo, haitufai. Sivyo. Ndani yake mna swali linalomhusu kila Mkristo: Je, kitu cha kuiga chaweza kuwa cha kweli? Na ni wakati gani kuiga kwageuka kuwa uongo?

Baridi ya juu

Kila apandaye mlima ajua kwamba kadiri apandavyo, baridi huzidi. Wenye elimu wamepima, wakaona kwamba kwa kila mita 1,000 joto hupungua digrii sita na nusu hivi. Mji wetu wa Bukavu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Basi tuseme joto hapa ni digrii 20. Ndege ikiruka juu ya mji wetu kwa urefu wa mita 6,000, joto huko litakuwa limepungua digrii 29 hivi, maana yake ni baridi ya kugandisha maji. Na ndege za kwanza hazikuwa na paa wala chumba cha kufunga. Rubani alikaa wazi kama mtu aliyeketi juu ya tawi, na upepo ukampiga bila huruma. Nguo ya sufu huhifadhi joto, lakini upepo mkali hupenya. Ngozi huuzuia upepo. Ndiyo sababu marubani walivaa ngozi tangu mwanzo.

Pande zetu ziliwaona mapema watu hao. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji walileta kwenye Ziwa Tanganyika ndege nne ziwezazo kutua majini, walizopewa na Waingereza. Zilifika vipande vipande, zikaunganishwa, na kituo chao kikawa Mtoa, karibu na mji uitwao leo Kalemie. Mwezi wa Juni mwaka huo ziliruka ng'ambo ya ziwa na kutupa mabomu Kigoma, palipokuwa na meli ya Wajerumani iliyoitwa Graf von Götzen. Meli hiyo Wajerumani waliizamisha wenyewe. Baadaye ikaopolewa, na tangu mwaka 1927 imeitwa Liemba, jina linalojulikana na wasafiri wote wa ziwa lile. Mmoja wa marubani wale, Aimé Behaeghe, hakurudi kwao. Alikufa Niemba mwezi wa Desemba 1916, akazikwa katika nchi yetu.

Mbelgiji mwingine, Edmond Thieffry, alikuwa wa kwanza kuruka kutoka Brussels mpaka Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Safari yake ya mwaka 1925 ilichukua siku 51. Miaka minne baadaye, mwezi wa Aprili 1929, ndege yake ilianguka karibu na Ziwa Tanganyika, naye akafa. Twayataja haya ili tukumbuke kwamba kazi ya urubani, siku zile, ilikuwa jirani wa kaburi. Si ajabu kwamba mwaka 1920 Baba Mtakatifu Benedikto wa Kumi na Tano aliwaweka marubani chini ya ulinzi wa Bikira Maria wa Loreto, yule ambaye mapokeo husema nyumba yake ya Nazareti ilichukuliwa na malaika kupitia angani.

Koti la mwaka 1931

Koti tunalolisimulia lilikubaliwa na jeshi la Marekani tarehe 9 Mei 1931. Jina lake la kijeshi lilikuwa fupi: A-2. Kabla yake lilikuwako koti jingine, A-1, la mwaka 1927, lililofungwa kwa vifungo na lenye kola ya sufu. A-2 lilifungwa kwa zipu, jambo lililokuwa jipya siku zile. Kola yake ilikuwa ya ngozi, nayo ilishikwa kwa vifungo vya kubana vilivyofichwa chini yake ili upepo usiipeperushe usoni mwa rubani. Ndani liliwekwa bitana nyembamba. Mgongo ulikatwa katika kipande kimoja cha ngozi, pasipo mshono katikati.

Mengi ya makoti hayo yalikuwa ya ngozi ya farasi. Mengine yalikuwa ya mbuzi. Serikali ilitoa mchoro mmoja na masharti yake, kisha ikatafuta viwanda vya kushona. Viwanda vilikuwa vingi: Aero Leather katika mji wa Beacon, Rough Wear huko Middletown, Perry Sportswear huko Newburgh, Dubow huko Chicago, na vingine zaidi. Kila kiwanda kilishona lebo yake shingoni, ikaandikwa jina la kiwanda na namba ya mkataba na serikali.

Hapa ndipo jambo la ajabu linapoanza. Mchoro ulikuwa mmoja, lakini mikono ilikuwa mingi. Fundi wa Beacon aliuelewa mchoro kwa namna yake, na fundi wa Chicago kwa namna nyingine. Huyu aliviringisha pembe za mfuko, yule alizichonga. Huyu alikata kola ndefu yenye ncha, yule fupi. Hata mistari ya uzi iliyoshika kamba za mabegani haikufanana. Kwa hiyo leo mtu mwenye ujuzi akilipata koti lisilo na lebo, hulitazama mifuko, kola na mshono, kisha husema: hili ni la kiwanda fulani. Ni kama sisi tunaposikia mtu akisema Kiswahili gizani, tukajua kama ni wa Bukavu, wa Kigoma au wa Unguja, ingawa lugha ni moja.

Vita Kuu ya Pili ilipowaka, makoti haya yalishonwa kwa maelfu. Marubani waliyapenda kama sehemu ya miili yao. Walipaka picha mgongoni, na kila kikosi kilishona beji yake kifuani. Wale Wamarekani waliojitolea kupigana China tangu Desemba 1941 walishona mgongoni kitambaa chenye maandishi ya Kichina kuwaomba wananchi wamsaidie rubani aliyeanguka. Lakini mwaka 1943 Jenerali Henry Arnold, mkuu wa jeshi lao la anga, aliamuru viwanda visipewe tena mikataba mipya ya makoti ya ngozi. Askari wapewe ya kitambaa. Basi wakati wake ulikuwa mfupi, miaka kumi na miwili hivi.

Tusisahau gharama ya vita hivyo. Jeshi moja tu la anga la Wamarekani, lile la Nane lililoruka kutoka Uingereza, lilipoteza watu zaidi ya 26,000, na wengi wao walikuwa vijana tu. Na chini ya ndege zao, katika miji iliyopigwa mabomu, walikufa watu wasiokuwa askari, wazee, mama na watoto. Koti hili, hata liwe zuri namna gani, limetoka mahali pa machozi.

Cherehani na fundi maskini

Sasa tugeukie mshono wenyewe. Zamani nguo zote zilishonwa kwa mkono. Mtume Paulo, kama tusomavyo katika Matendo ya Mitume, alikuwa fundi wa hema, na mikono yake iliijua sindano. Katika pwani yetu ya mashariki, mafundi wa Siyu katika kisiwa cha Pate wamesifika tangu kale kwa kazi ya ngozi. Fundi wa ngozi ashonaye kwa mkono hutumia uzi mmoja na sindano mbili: hutoboa tundu, akapitisha sindano moja kutoka kuume na nyingine kutoka kushoto, kisha akakaza. Mshono huo ukikatika mahali pamoja, mengine husimama imara, maana kila tundu limefungwa pande mbili.

Cherehani ililetwa na watu wengi, kila mmoja akiongeza kidogo. Mfaransa Barthélemy Thimonnier, fundi cherehani wa kijijini, alipata hati ya serikali ya ubunifu wake mwaka 1830. Akawekewa karakana Paris yenye mashine 80 hivi, nazo zilishona nini? Sare za jeshi. Tangu mwanzo wake cherehani ilikula mkate wa askari. Lakini mafundi wa mkono waliogopa kwamba watakosa kazi. Mwaka 1831 waliivamia karakana wakazivunja mashine. Thimonnier alifariki mwaka 1857 katika umaskini. Tunapofurahia kazi nyepesi, tumkumbuke yule aliyetangulia kuumia, na pia wale waliovunja kwa kuwaogopea watoto wao njaa.

Mshono wa Thimonnier ulikuwa wa mnyororo, kitanzi ndani ya kitanzi. Ubaya wake ni kwamba ukishika ncha ya uzi na kuvuta, mstari mzima waweza kufumuka. Wamarekani Elias Howe, mwaka 1846, na Isaac Singer, mwaka 1851, walipata hati za mashine zitumiazo nyuzi mbili: mmoja juu katika sindano, mwingine chini katika bobini. Nyuzi hizo hukutana katikati ya unene wa nguo na kufungamana. Ndio mshono tunaouona mpaka leo barazani kwa mafundi wetu, na ndio ulioshona makoti ya marubani. Fundi hodari hukaza nyuzi zote mbili sawasawa, hata fundo lake lisionekane juu wala chini. Uzi wa juu ukikazwa kupita kiasi, fundo hupanda juu, ukilegea, hushuka. Kwa hiyo kila mstari wa mshono ni kama mwandiko: waonyesha kama mwandishi alikuwa na haraka au na saburi.

Ngozi haisahau

Liko jambo ambalo kila mshona viatu alijua, ila sisi wengine hatuliwazi. Kitambaa kimefumwa kwa nyuzi. Sindano ikipita, nyuzi husogea kando, na ukifumua mshono, ukafua na kupiga pasi, mara nyingi matundu hutoweka. Ngozi haifanyi hivyo. Sindano ya ngozi ina ncha yenye makali, nayo hukata. Tundu likiisha kukatwa, halizibiki tena. Fundi akikosea mstari, akafumua na kushona upya, matundu ya kosa lake hubaki milele kando ya matundu mapya.

Tena, kila tundu huidhoofisha ngozi. Mishono ikisongamana mno, mstari wa matundu huwa kama ule wa stempu za posta, na ngozi hupasuka papo hapo. Ikiachana mno, hewa hupita na uzi hulemewa. Basi fundi wa ngozi hupima: hashoni kwa wingi kama wa shati la pamba, wala hachanui kama wa gunia. Ndiyo sababu wale wanaoyachunguza makoti ya zamani huweka rula juu ya mshono na kuhesabu: katika inchi moja mna mishono mingapi? Hutazama pia umbali wa mstari kutoka ukingoni, kama mistari ni mmoja au miwili, na jinsi fundi alivyorudisha sindano mwishoni ili uzi usifumuke.

Ngozi yenyewe nayo ina historia yake. Yaweza kutengenezwa kwa chumvi za madini au kwa maji ya magome ya miti. Afrika ya Mashariki imechangia sana katika magome hayo. Miti ya miwati ilipandwa Kenya, na huko Njombe, Tanganyika, shamba kubwa la miwati lilianzishwa mwaka 1949, ili dawa ya magome iuzwe kwa viwanda vya ngozi vya nchi za mbali.

Ushuhuda wa uzi

Uzi ni shahidi mwingine. Siku za A-2 makoti yalishonwa kwa uzi wa pamba. Pamba ni nzuri, lakini huoza kwa jasho, unyevu na miaka. Hivyo twaona makoti ya zamani ambayo ngozi yake bado ni nzima, lakini mishono yake inafumuka yenyewe, kama nyumba yenye matofali mema na udongo mbaya. Nailoni ilipatikana katika maabara ya Wamarekani mwaka 1935, na nyuzi za poliesta zilibuniwa Uingereza mwaka 1941, zikaenea madukani baada ya vita tu. Basi mtu akikuonyesha koti lenye lebo ya mwaka 1942, na mishono yake yote ni ya poliesta, uzi wenyewe umesimama kumshitaki.

Namna ya kuijua ni rahisi, na hata mama wa nyumbani aweza kuitumia kwa nguo yoyote. Chukua kipande kidogo cha uzi kilicholegea, ukichome mbali na nguo. Uzi wa pamba huwaka kama karatasi, hunuka kama karatasi, na huacha majivu mepesi. Uzi wa kisasa wa viwandani huyeyuka, hujikunja, na huacha shanga ngumu.

Lakini tuangalie, tusihukumu upesi. Pengine koti ni la zamani kweli, na uzi mpya umewekwa na fundi aliyelitengeneza lilipochakaa. Kwa hiyo mwenye busara hasikilizi shahidi mmoja. Torati ilitaka mashahidi wawili au watatu, na desturi hiyo yafaa hata kwa makoti. Lebo iseme, zipu iseme, ngozi iseme, uzi useme; maneno yao yakipatana, tuamini.

Kuiga kwa haki na kuiga kwa hila

Vita vilipokwisha, makoti ya marubani hayakusahauliwa. Mwaka 1963 mchezaji wa filamu Steve McQueen alilivaa moja katika sinema iliyosimulia kutoroka kwa wafungwa wa vita, na watu wengi wakalitamani. Mwaka 1988 jeshi la anga la Marekani lilianza tena kuwapa marubani A-2, safari hii la ngozi ya mbuzi. Na kwa kuwa makoti yaliyobaki ya zamani yalizidi kuwa machache na ghali, walitokea mafundi wa kuyaiga: huko Uingereza, Scotland na Japani. Nyumba kama Eastman ya Uingereza na Buzz Rickson's ya Japani zilinunua makoti ya kale, zikapima kila kipande, zikatafuta ngozi ya farasi na nyuzi za pamba, zikafuata hata pembe ya mfuko.

Hapo ndipo mabishano yanapozuka kati ya wapenzi wa makoti hayo. Makoti ya vita yalishonwa kwa haraka, na wanaume kwa wanawake waliolipwa ili wamalize mengi. Mistari yao mara nyingi imepinda. Sasa fundi wa leo, mwenye nafasi na mashine njema, hushona mstari ulionyoka kama reli. Ni ipi nakala ya kweli: iliyonyoka kuliko mama yake, au iliyopinda kwa makusudi? Na uzi je? Akitumia pamba, atakuwa mwaminifu kwa wazee, lakini koti litafumuka mapema. Akitumia poliesta, atamtendea mema mvaaji, lakini ataiacha kweli ya zamani.

Sisi twaona hivi. Kushona mstari uliopinda kwa makusudi ni kuiga uchovu wa mtu mwingine bila kuchoka. Kasoro ya fundi wa mwaka 1942 ilikuwa ya kweli kwa sababu hakuitaka. Alikuwa anatazama saa, na pengine alikuwa na kaka au mchumba vitani. Kasoro hiyo hainunuliwi. Na juu ya uzi twasema: fundi achague autakao, mradi amwambie mnunuzi wazi. Uaminifu wa nakala haumo katika uzi peke yake. Umo katika neno linalosemwa wakati wa kuuza.

Maana wako wengine wasiosema neno hilo. Huchukua koti la kuiga, wakalikwaruza kwa msasa, wakalipaka mafuta, wakashona lebo ya kughushi na beji ya kikosi kilichopoteza watu wengi, kisha wakaliuza kama mali ya rubani aliyekufa. Mara nyingi mshono ndio huwafichua. Beji iliyokaa miaka mingi huacha ngozi ya chini yake na rangi tofauti, maana jua halikuifikia. Iliyoshonwa jana haina kivuli. Matundu ya zamani yasiyo na kazi husimulia lebo iliyong'olewa. Wahenga walisema, njia ya mwongo ni fupi. Na kosa lake si la fedha tu. Amemwibia marehemu jina lake, akaiuza huzuni ya mama ambaye hakumjua.

Kanisa lajua jambo hili kwa muda mrefu. Masalia ya watakatifu yalipoanza kughushiwa na wafanya biashara, Kanisa liliweka ulinzi: Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliagiza kwamba masalia mapya yasikubaliwe pasipo askofu kuyachunguza na kuyathibitisha. Hata leo sheria ya Kanisa yakataza kabisa kuyauza masalia matakatifu. Lakini Kanisa hilohilo halikukataza kuiga. Katika parokia nyingi twaona pango la Bikira Maria lililojengwa kwa mfano wa lile la Lourdes. Mawe yake ni ya kwetu, saruji ni ya kwetu, na hakuna anayedhani kwamba Bernadeta alipiga magoti pale. Je, ni uongo? La! Pango letu lasema wazi: mimi ni mfano, nakuelekeza kule. Lingekuwa uongo kama mtu angesimama langoni na kuuza tiketi akisema kwamba hapa ndipo Lourdes yenyewe.

Basi tofauti ni hiyo. Nakala ya haki huelekeza kwa asili yake na kuiheshimu. Nakala ya hila hujiweka mahali pa asili na kuifuta.

Neno kwetu sisi wa Kivu

Ndugu zetu wa nchi tajiri waweza kuvaa vazi la vita kama kumbukumbu au kama pambo. Kwetu vazi la askari si mchezo. Tumeishi miaka ambayo mtu alikutana njiani na mwenye sare, naye hakujua: huyu ni askari wa kweli mwenye amri juu yake, au ni mnyang'anyi aliyejipatia nguo? Hapo swali la mshono wa kweli na wa kuiga halikuwa la watafutaji wa vitu vya kale. Lilikuwa swali la kufa au kupona, na wako waliokufa kwa sababu waliiamini sare. Ndiyo sababu twasema kwamba vazi ni aina ya neno. Sare husema: nimetumwa kukulinda. Mwenye kuivaa bila kutumwa, au aliyetumwa akaitumia kuumiza, ametoa ushahidi wa uongo kwa mwili wake wote, hata kama hakufungua kinywa.

Wazazi waangalie watoto wao wanapolipenda koti la rubani. Kulivaa si dhambi. Baridi yetu ya mwezi wa Julai yataka koti. Ila tuwasimulie lilikotoka, wajue kwamba vijana wa rika lao walikufa ndani yake, na kwamba wengine walikufa chini yake. Mtoto ajuaye hivyo atalivaa kwa adabu.

Kwa wanunuzi twasema: kabla ya kutoa fedha, ligeuzeni koti nje ndani. Nje ni uso wa biashara, ndani ni dhamiri ya fundi. Tazameni kama nyuzi zimekazwa sawa, kama ngozi ya mgongo ni kipande kimoja au viraka vilivyofichwa, kama ni ngozi kweli au ni plastiki juu ya kitambaa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwuzaji akikataa lisigeuzwe, amekwisha kujibu.

Kwa mafundi wetu, wale wakaao barazani wakikanyaga cherehani tangu asubuhi mpaka jua linazama, twasema neno la heshima. Wengine hupata kazi ya kuiga nguo waliyoletewa na mteja. Kazi hiyo ni halali, na Mungu aibariki. Mkulipwa kwa ngozi, wekeni ngozi. Mkulipwa kwa mistari miwili, msishone mmoja. Mt. Yosefu alikuwa fundi wa mbao, nasi twaamini kwamba hakuna mtu wa Nazareti aliyeletewa meza yenye mguu uliogundishwa kwa hila.

Tena tukumbuke kanzu ya Bwana wetu. Mwinjili Yohane ametuandikia kwamba haikuwa na mshono, ilifumwa yote kutoka juu, na askari waliipigia kura chini ya msalaba wasije wakairarua. Mababa wa Kanisa waliiona kama mfano wa umoja wa Kanisa. Sisi tulio wanadamu hatukufumwa hivyo. Tumeungwa vipande vipande, kwa matundu mengi, na tundu la kosa letu halifichiki kwa kupakwa rangi. Lakini ngozi yenye kovu yaweza kushonwa tena kwa uzi ulio imara, ikamfaa mtu baridi itakapokuja, mradi fundi asimfiche mvaaji mahali palipokuwa pamechanika.